Talaka ya Athumani na Mchezo wa Msumeno

Mwezi uliopita nilikwenda Kawe kwenye harusi ya binti wa mwisho wa Athumani na Zuhura, nikala pilau na hasira sahani moja. Hasira aliniletea Anselmi. Huyu ni rafiki yangu wa zamani, mtu wa Bukoba, alikuwa karani enzi za Mwingereza na sasa ni mstaafu mwenye miwani mbili, ya kusomea na ya kuringia. Nilimkuta ameketi katikati ya vijana anawahadithia jinsi yeye alivyoiokoa ndoa ya wazazi wa bibi harusi, miaka ile tulipokuwa tumepanga nyumba moja Temeke. "Ningenyamaza mimi," anasema, kidole juu, "leo pasingekuwa na bibi harusi wala pilau." Vijana wakampigia makofi. Nilimwacha amalize, maana harusi ni ya watu, kisha nikamvuta pembeni penye masufuria. "Anselmi, ndugu yangu, umesahau kwamba ile kazi niliifanya mie?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Salumu! Kwani na wewe ulikuwepo siku ile?" Nikacheka mpaka mpishi akageuka. Mtu yule hakuwa anadanganya. Wala hakuwa amesahau. Alikuwa amekumbuka zaidi ya yaliyokuwapo, na hasira yangu ikaishia hapo, kwa sababu kichwa changu mwenyewe kiliwahi kunifanyia mchezo huohuo, katika jambo hilohilo, na bila mchezo ule ndoa ya Athumani ingekufa kweli.

Sasa niseme kama yalivyokuwa. Mie shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nilikuwa nalala. Lakini leo nina karakana Chang'ombe yenye mashine za umeme, nimewasomesha watoto mpaka wananisahihisha Kiswahili mezani, na makarani waliokuwa wananiita "wewe boi" wamekuja kununua vitanda kwangu, wamesubiri kwenye benchi kama wagonjwa. Sikurithi hata msumari. Nasema haya ili msomaji ajue anaongea na mtu aliyezoea kupima mara mbili kabla ya kukata, na ndivyo nitakavyofanya na habari hii.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwembamba, mwenye mabega tu. Nilipanga chumba kwa Bi Mwajuma, mwenyeji wa Temeke toka kwa mababu zake, nyumba ya udongo na makuti yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Chumba changu kilikuwa cha nyuma karibu na uani, kwa hiyo moshi wa kila jiko ulipita kwangu kwanza kabla ya kwenda mbinguni. Nilijua nani anapika mchicha na nani ameunguza nazi kabla sijaamka kitandani. Mbele alikaa Mzee Kondo, muuza kahawa, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, anayekaanga kahawa yake jikoni uani kila alasiri mpaka nguo zetu zote zikanuka kahawa. Mkabala naye Bakari dobi, ambaye pasi yake ya makaa haikupoa hata Idi. Kisha Anselmi, aliyekuwa na meza, kitu ambacho wengine hatukuwa nacho, na kuta za chumba chake alizibandika magazeti. Na chumba kikubwa kuliko vyote walikaa Athumani na mkewe Zuhura. Kuta hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo ukikohoa usiku chumba cha mwanzo, cha mwisho wanakuambia pole. Zuhura alikuwa anapika kwa kipimo cha ukarimu wake si cha mfuko wa mumewe, na mie kwa kuwa nilifanya kazi na Athumani nilikula kwao: ugali na papa wa nazi, au maharage, au siku za furaha wali na mchuzi wa kamba. "Shemeji, usione haya," ananiambia, "mwili huo ukianguka kazini watasema mie ndiye nimekunyima." Mpaka leo nikisikia harufu ya ukwaju kwenye mchuzi mate yanajaa na macho yananibana kidogo.

Kazi yetu ilikuwa kupasua mbao kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo linalazwa juu ya jukwaa la miti. Athumani, ambaye ndiye fundi, anasimama juu anafuata mstari, na mie chini navuta na kula unga wa mbao. Asiyewahi kuifanya kazi ile hajui uchovu. Siri yake ni moja: msumeno usisite. Ukisita unakwama, ukikwama unapinda, ubao unaharibika. Ndipo mafundi wa Temeke walipokuwa na mchezo wao. Msumeno ukishuka wa chini anatupa neno, ukipanda wa juu anarudisha neno la kwanza linalomjia, lolote, bila kufikiri. Atakayekosa neno ndiye anayekwenda kuchota maji kisimani, na kisima kilikuwa mbali. "Chumvi." "Bahari." "Papa." "Nazi." "Mchuzi." "Zuhura." Athumani ndivyo alivyokuwa. Umwanzishie na mvua, na shoka, na askari wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, njia zote kwake zilifika kwa Zuhura, na hapo mwenyewe anacheka juu ya gogo na mie unga unanimwagikia machoni. Mie nilikuwa hodari kupita wote kwenye mchezo ule. Sijawahi kuona mtu wa kunishinda, na nimecheza na watu waliosoma.

Mchezo tukauhamishia barazani jioni, kwa kikombe cha kahawa kutoka kwenye dele, birika la shaba la Mzee Kondo, na aliyekosa neno akawa ndiye wa kuosha vikombe. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo. Bakari kila kitu kwake kilikuwa pasi na makaa. Anselmi ukimwambia "ndizi" anasema "mama," kisha anatazama barabara, na Mzee Kondo anamtania, "Lieni nchi zenu, sie twanywa kahawa." Nikaona kwamba neno la kwanza halitoki kichwani. Linatoka mdomoni, mahali pale ambapo maneno yamekaa wawili wawili kama viatu, ukivuta moja la pili linafuata lenyewe, hata kama hukulitaka. Nilimwambia Anselmi hivyo, akasema Wazungu wanalo jina la jambo hilo. Nikamwambia basi wamelichelewa.

Mkasa ulitokea miezi kadhaa kabla ya mfungo. Athumani alialikwa harusini Chang'ombe, akaoga, akavaa kanzu, akatafuta koti lake jeusi, la pekee, alilolipenda kama mtoto. Halipo. Zuhura alikuwa amemwazima kaka yake, na kaka mtu ameshakwenda nalo Kisarawe. Mie nilitumwa na Bi Mwajuma dukani kwa Mwarabu kununua mafuta ya taa, nikawaacha wakianza kupandishiana sauti. Niliporudi na chupa yangu uani pamekauka. Kinu cha Bi Mwajuma kimesimama, mchi umelala chini. Zuhura ameketi kizingitini na kanga mdomoni, Athumani hayupo, na Mzee Kondo yuko barabarani amezungukwa na watu. "Ametoa," anasema. "Ametoa talaka. Tatu! Mbele ya macho yangu!"

Kwa msomaji asiyejua, talaka moja ni jeraha na talaka tatu ni kaburi. Akitoa moja, mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda, ile miezi mitatu hivi ya kungoja, haijaisha, kwa neno tu. Akitoa tatu, hapati kumrudia mpaka mwanamke aolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli, na huyo naye amwache kwa hiari yake. Kesho yake Athumani alikwenda kwa mwalimu wa msikiti, na mie nilimsindikiza. Mwalimu akamwuliza, "Ulitamka mara ngapi?" Athumani akainamisha kichwa. "Sijui, mwalimu. Wallahi sijui. Nakumbuka koti. Kisha nakumbuka nimesimama nje kwenye mkorosho nalia." Mwalimu akawaita mashahidi. Mzee Kondo akasema tatu. Bakari akasema tatu. Bi Mwajuma akasema alikuwa akitwanga, kelele za kinu zilimfunika maneno. Zuhura alipoulizwa nyuma ya pazia alisema, "Mie nilisikia la kwanza, masikio yakaziba." Mwalimu akavuta pumzi. "Mume hajui, mke hajui, na watu wazima wawili wanasema tatu. Siwezi kuwaambia mrudiane mkakae katika haramu." Ikawa basi.

Athumani akahamia bandani penye magogo. Zuhura akabaki chumbani kukaa eda, na shangazi yake wa Kisarawe akaleta habari kwamba ikiisha atakuja kumchukua. Mfanyabiashara mmoja wa mkaa, mjane mwenye tumbo lake, akaanza kumletea Bi Mwajuma halua. Nikiwa chumbani kwangu nilimsikia yule bwana uani akisema kwa sauti tamu, "Mie sina haja kubwa, bibi, nawasaidia tu hawa vijana. Nitamwoa, nitakaa naye kidogo, kisha nitamwacha." Alipoondoka Bi Mwajuma akasema peke yake, akitafuna halua, "Mwongo huyu. Amwache Zuhura? Akishaonja mchuzi ule ataufunga mlango kwa minyororo." Upande wa pili wa ukuta nilisikia Zuhura akilia kwa ndani, kilio cha mtu anayeogopa kusumbua majirani. Mie nikawa nakula mihogo ya kuchoma barabarani. Na kazini pakawa kimya. Siku moja nilijaribu kumchangamsha Athumani, nikatupa, "Chumvi." Msumeno ukapanda, haukushuka. Aliuachia, akateremka kwenye jukwaa, akaenda mwenyewe kisimani na ndoo mbili.

Sasa sikiliza jinsi kichwa changu kilivyonifanya. Eda ilikuwa imebaki kidogo. Nilikuwa kwenye foleni ya kinyozi, pale kwenye mti, jamaa mmoja akaniuliza habari za Athumani. Nikafungua mdomo nimweleze, na nikamwona Athumani mbele yangu, uani, mishipa ya shingo imesimama, nikamsikia akitamka: moja, mbili, tatu. Nilimsikia, bwana! Sauti yake yenyewe, na mchi wa Bi Mwajuma ukianguka. Nilikuwa karibu niape. Kinyozi akanigusa bega, "Zamu yako," na harufu ya mafuta ya taa kwenye taa yake ikanipiga puani, nikakumbuka chupa. Chupa! Mie nilikuwa kwa Mwarabu. Sikusikia hata neno moja la talaka ile, ila nilikuwa nimeisikia ikisimuliwa mara nyingi kiasi kwamba kichwa kimenijengea ua mzima na kunisimamisha ndani yake. Nilinyolewa upande mmoja vizuri na upande mwingine vibaya, maana sikutulia kwenye kiti. Kama mie ambaye sikuwapo nimesikia tatu, nikajiambia, basi hizi tatu zinaweza kusikika bila kusemwa.

Jumapili alasiri, Anselmi ametoka kanisani na sie hatukuwa na kazi, nikawakusanya barazani. Nikasema leo tucheze kwa kasi ya msumeno, na mie ndiye nitakayetupa. Nikapiga goti langu kwa kiganja, chap, chap, ili mapigo yasisite.

"Mzee Kondo, dele!"

"Moto!"

"Bakari, moto!"

"Pasi!"

"Anselmi, pasi!"

"Suruali!"

"Mzee, suruali!"

"Mzungu!" Wakacheka, nikawaharakisha.

"Bakari, talaka!"

"Tatu!"

"Anselmi, talaka!"

"Tatu!"

"Mzee, talaka!"

"Tatu!"

Bi Mwajuma alikuwa mlangoni anachambua mchele. Ungo ukasimama. "Wee Anselmi," akasema, "Mkristo wewe, kwenu hakuna hata hiyo moja. Tatu umezitoa wapi?"

Anselmi akajikuna shingo. "Bibi, si ndivyo mnavyosema humu ndani kila siku?"

"Athumani ulimsikia?"

"Mimi nilikuwa ofisini."

Nilikuwa nikingoja jibu hilohilo. Lakini Mzee Kondo hakuwa mjinga, akaweka kikombe chini. "Unanitega, wewe mtoto? Unaniita mwongo barazani kwangu?"

"Shikamoo mzee, mie naanzaje? Tunacheza. Au umeshindwa, ukaoshe vikombe?"

"Nishindwe na nani? Tupa!"

Chap, chap. Kila neno lake nikamrudishia. "Athumani!"

"Mdomo!"

"Mdomo!"

"Mkono!"

"Mkono!"

"Meno!" Na aliposema meno akaugeuza mkono wake wa kulia na kuutazama, pale kwenye mnofu chini ya kidole gumba, penye kovu lililokuwa bado jekundu.

Nikaacha kupiga goti. Nikamwuliza taratibu kabisa, "Mzee wangu, hayo meno ni ya nani?"

"Unauliza? Si ya Athumani! Mara ngapi nimewahadithia? Mie nilikuwa jikoni nakaanga kahawa. Alipolitoa tu neno, nikatupa chuma cha kukaangia, nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja hiki. Akaniuma kama mbwa. Sikumwachia! Nikamkokota hivyohivyo mpaka nje kwenye mkorosho."

Ilikuwa kweli, alikuwa ametuhadithia hivyo mara nyingi. Na mara nyingi vilevile alikuwa ametuhadithia zile tatu. Hadithi mbili zilikaa katika kichwa kimoja wiki zote hizo kama wapangaji wasiosalimiana, na hakuna mtu, hata mwenyewe, aliyewahi kuzikutanisha.

"Ulimziba alipotoa neno gani?" nikamwuliza.

"Si hilo la kwan..." Kinywa kikabaki wazi.

Bi Mwajuma akaweka ungo chini. "Kondo," akasema, "na hayo mengine mawili aliyasema kwa pua?"

Hilo la pua ni lake, siwezi kumnyang'anya. Lakini kazi yote ya kufikia pua niliifanya mie. Mzee Kondo alikaa akiangalia kiganja chake kama mtu aliyekiokota barabarani. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ndogo, "Moja. Ilikuwa moja. Hizo mbili nimezitia mwenyewe. Ee Mola, nimeziona kabisa." Hakungoja kutafuta viatu. Alikwenda kwa mwalimu peku, na sie nyuma yake, na Anselmi nyuma yetu na koti lake la kanisani.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama Bakari. Bakari akasema, "Mwalimu, mie nilikuwa chumbani napiga pasi. La kwanza nililisikia kwa sikio hili. Hayo mengine, nikifikiri sana, nilimsikia Mzee Kondo akiwaambia watu barabarani." Mwalimu akafumba macho kwa muda. Nilidhani atatufukuza. Alipoyafumbua yalikuwa na tabasamu ndani yake. "Basi lenye hakika ni moja, na yaliyobaki ni upepo. Huyu bado ni mkewe, eda haijaisha. Mwiteni amrejee. Na amrejee mbele ya mashahidi, na mashahidi ni nyinyi nyinyi. Safari hii njooni na masikio."

Nimefurahi mara nyingi maishani. Nilifurahi siku niliyonunua mashine ya kwanza, na siku niliyomlipa mtu mshahara kwa mara ya kwanza badala ya kulipwa. Lakini sijapata tena pumzi kama ile niliyovuta nikikimbia kwenda bandani kumwita Athumani. Ilikuwa kana kwamba kifua kizima kimepasuliwa kama ubao ulionyooka. Nilimkuta anatia makali kwenye msumeno. Nilipomwambia, hakuelewa. Nilimwambia tena. Akaniuliza, "Unacheza?" Nikamwambia, "Nilikuwa nacheza. Sasa nimemaliza." Akaanza kukimbia na tupa ya kunolea mkononi.

Alifika uani na unga wa mbao kwenye nyusi. Wapangaji wote tulijipanga ukutani, Mzee Kondo mbele, kiganja ameficha mgongoni. Zuhura alitoka chumbani akiwa amejitanda kanga, amekonda, akasimama hatua chache kutoka kwake na hakumsaidia kwa lolote. Athumani akasema, "Zuhura... nime... nime..." Mtu yule aliyekuwa akitupa maneno juu ya gogo kutwa nzima bila kusita, alikwama.

"Amekosa neno!" Bi Mwajuma akapiga kelele. "Mpeni ndoo, akachote maji!"

Tukacheka wote, na kicheko kile nadhani ndicho kilichomsukuma. "Nimekurejea," akasema.

Zuhura alitugeukia sie tuliojipanga ukutani, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayekagua watoto.

"Amesema mara ngapi?"

"Moja!" tukajibu sote, na sauti ya Mzee Kondo ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Haya," akasema. "Hiyo moja inanitosha." Akausukuma mlango wa chumba chao, akauacha wazi.